Sombe Juu ya Chuma

1

Shangazi Mwamvita alikataa kabisa kuingia kwenye nyambizi kimya kimya. Alisimama kwenye daraja la abiria, kanga ameikaza kiunoni, mkono mmoja umemshika bibi harusi, na nyuma yake ukoo mzima wa Ujiji umebeba mabegi, sufuria na ngoma tatu. Alitutangazia kwamba hakumlea mtoto wa marehemu kaka yake miaka yote hiyo ili aje kumtoa nyumbani kama mtu anayesafirisha gunia la mihogo.

"Nahodha, mwanangu," alisema, "wewe ni wa nani pale Ujiji?"

"Wa Feruzi, Shangazi. Mtaa wa Kasimbu."

"Basi mama yako alitolewa kwa ngoma. Nilikuwepo. Nilicheza mpaka kiatu kikapotea, na sijakipata mpaka leo."

Nahodha Mawazo Feruzi ameendesha nyambizi ya abiria katika mipenyo ambayo mimi huipita nimefumba macho. Lakini mbele ya mwanamke aliyepoteza kiatu kwenye harusi ya mama yake alirudi hatua moja nyuma. Akanigeukia. Mimi ni Yusta Bitariho, msikilizaji wa nyambizi hiyo tuliyoiita Mtulivu, na kazi yangu wakati ule ilikuwa kumkumbusha kwamba chombo kimeshaanza kutia nia.

Kutia nia ni lugha yetu ya kazini. Chini ya maji hakuna setilaiti inayokuona, na mawimbi ya redio hufa mara tu unapozama, kwa hiyo nyambizi haina wa kumuuliza njia. Inabidi ikumbuke. Chini ya kiti changu kuna kasha la chuma tunaloliita Kumbukumbu, na ndani yake miale ya mwanga inazunguka kwenye pete za kioo pamoja na vipande vidogo vinavyohisi kila msukumo. Mtu akifungwa kitambaa machoni nyumbani kwake bado atafika jikoni, kwa sababu miguu inajua imekwenda kiasi gani na imegeukia wapi. Kumbukumbu hufanya hivyohivyo kutoka Kigoma hadi Kalemie. Ila kabla ya kuondoka lazima iachwe itulie gatini, ionje chini ni wapi na dunia inazungukia wapi, huko ndiko kutia nia, na wakati huo chombo hakitakiwi kutikisika.

"Dakika mbili tu, Shangazi," Nahodha alisema.

Dakika mbili za harusi ya Ujiji hazijawahi kupimwa na saa yoyote. Ngoma zililia, wanawake walijipanga juu ya sitaha, na kwa kuwa wanaowaaga walikuwa upande wa kushoto, wote walicheza upande wa kushoto, wakakanyaga pamoja, wakarudi pamoja, wakakanyaga tena. Nilikuwa nimerudi ndani, na nilihisi sakafu ikipumua chini ya kiti changu. Nilimwita Nahodha kwa kipaza sauti, akaniambia anawamaliza sasa hivi. Nikamwita tena. Alikuwa anacheza.

Kioo cha mashine yangu kikageuka kijani, kikaandika kuwa kiko tayari. Chombo kile kina sifa nyingi, lakini hakina adabu ya kusema sijaelewa.

Walipokuwa wakiingia, Shangazi alikuwa bado ana jambo moja moyoni. "Na huko tuendako nasikia sombe ya harusi, majani ya mihogo ya watu, inatwangwa kwenye Mlango wa kuibukia nyambizi, juu ya chuma. Eti ua umejaa wageni, vinu vimekosa nafasi. Nilipoambiwa ilibidi nikae chini."

"Ramazani alinieleza kwa simu, Shangazi," alisema Zawena, bibi harusi, akicheka ndani ya mtandio wake kwa kumtaja bwana harusi. "Mama yake kasema chuma hakitaingia ndani ya chakula."

"Watajua wenyewe na chuma chao," Shangazi alijibu, akaenda kutafuta kiti cha mbele.

2

Tulizama saa tatu asubuhi. Mwanga wa kijani ulififia kwenye madirisha, kisha likaja paa, na kukawa giza.

Watoto wa siku hizi wanadhani Ziwa Tanganyika lilikuwa na paa tangu kuumbwa. Mimi nimekuta bibi yangu akisimulia habari za maji yaliyo wazi hadi upeo wa macho, na nilimsikiliza kwa heshima bila kumwamini sana. Sasa mashamba ya jua, ya kuvuna umeme, yanaelea karibu ziwa zima, vioo kwa vioo, na juu yake wanaishi wakulima wa jua na nyumba zao, kuku wao, na shule zao. Sisi tunapita chini yao. Unaweza kuibuka kwenye Mlango tu, na Milango ni michache. Ukiibuka mahali pengine utaibukia jikoni kwa mtu.

Chini ya mashamba hayo kuna rafu za mawe zinazoning'inia kwa minyororo, nazo ndizo vitanda vya kuhe. Kuhe ndiye samaki aliyekaribia kutoweka zamani za bibi, mkubwa, wa dhahabu na weusi, na mwenye tabia moja inayonishinda kuifikiria bila kuguswa. Huzaa mara moja tu maishani. Baba na mama hukaa juu ya watoto wao, hawali, wanawafukuza walafi mpaka watoto wajiweze, kisha wazazi wanakufa. Wakitishwa na kelele wakakimbia, watoto wanaliwa kabla hawajarudi. Na hakuna mimba ya pili.

Ndiyo maana kuna Mwezi wa Kimya. Miezi mingine sisi hupiga mlio majini, mlio unagonga miamba na kuturudia, nasi tunajua tulipo. Kengele za njia pia huwa zinalia, na pampu za mashamba zinanguruma, kila moja kwa sauti yake. Mwezi huo vyote huzimwa, na harusi hii iliangukia humo. Kitufe cha mlio kwenye meza ya Nahodha kinafunikwa kifuniko chekundu chenye lakiri. Sheria inamruhusu nahodha aliye hatarini kuivunja. Haimlazimishi.

Zawena alikuja chumba cha uongozaji baada ya abiria kuanza kula vitumbua. Alitaka kuona vitanda, nikamwambia kuwa madirisha hayaonyeshi kitu na masikio yangu ndiyo yanayoona. Nikamvalisha vipokea sauti. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Sisikii kitu."

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Ramazani ndiye analinda vitanda hivi upande wa Kalemie," alisema. "Mwaka jana kuhe walikuwa mia tatu na kitu. Mwaka huu anasema ameacha kuhesabu, anafurahi tu." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayesifu watoto wa kambo ambao tayari amewapenda.

Wakati anavua vipokea sauti, Mizani ililia.

Mizani ni chombo chetu cha pili, na kinafanya kazi bila kutoa hata mnong'ono majini. Milima huvuta. Milima ya Mahale, mashariki mwa ziwa, inavuta kila kitu kidogo mno, mwili hauwezi kuhisi, lakini Mizani inahisi, na kwenye ramani yetu kuna mistari inayoonyesha uzito unatakiwa uwe kiasi gani mahali gani. Kumbukumbu ilisema tuko katikati ya ziwa tukielekea Kalemie bila tatizo. Mizani ilisema kuna mlima karibu. Namba zilikuwa zinarukaruka, kwa sababu abiria sitini walikuwa wanatembea na vitumbua vyao na kila anayetembea anaisumbua Mizani, lakini hata zikirukaruka vile zilikuwa za juu mno.

Nilimwonyesha Nahodha. Alitazama, akatazama tena, kisha akazima injini. Ukimya ulipotanda alifumba macho, na niliona midomo yake ikihesabu: kanyaga, rudi, kanyaga.

"Upande wa kushoto," alisema. "Wote walikuwa upande wa kushoto."

Nikaelewa. Kumbukumbu ilijifunza ngoma ikidhani ndio utulivu. Ngoma ilipokoma, ikahisi kana kwamba kuna mkono unatusukuma magharibi, ikawa inatusogeza mashariki kidogo kidogo ili kuusahihisha mkono ambao haukuwepo. Kwa saa kadhaa ilitupeleka kwa uaminifu mahali tusipopajua.

"Tumepotea?" Zawena aliuliza.

"Tumepotea," Nahodha alijibu, kwa sauti ileile anayotumia kusema chai iko tayari.

3

Hali ilikuwa hivi. Hewa tulikuwa nayo ya kutosha siku mbili. Juu yetu palikuwa na paa lenye watu. Mbele yetu, mahali fulani, kulikuwa na miteremko ya miamba ya Mahale, na mkondo wa maji ulikuwa unatusogeza huko polepole hata injini zikiwa zimezimwa. Kuwasha injini na kugeuza bila kujua ulipo ni kuuendea ukuta usiouona. Mlio mmoja tu wa kitufe kile ungetuonyesha kila mwamba.

"Bonyeza, dada," nilimwambia Nahodha. Tukiwa peke yetu humwita dada, na Zawena nilishamsahau. "Sheria inaruhusu. Kuna watu sitini hapa."

"Najua sheria inaruhusu."

"Basi?"

Aliweka mkono juu ya kifuniko chekundu, akauacha hapo. "Kama mashine ingekufa, ningebonyeza bila kuwaza. Lakini mashine haikufa, Yusta. Tulicheza. Mimi mwenyewe nilicheza. Sasa niwaambie wale waliokaa na njaa juu ya watoto wao kwamba watoto wafe kwa sababu sisi tulikuwa na furaha?"

"Hao ni samaki."

"Ni samaki," alikubali. "Na hawa ni watu, na mimi sina haki ya kuwachezea watu bahati nasibu ili nijisikie msafi."

Niseme kweli, nilimkasirikia. Nina mtoto nyumbani, na wakati ule kila kuhe aliyeko duniani nilimwona mdogo sana. Lakini nilikuwa pia nimekaa miaka sita nikiwasikiliza wale wazazi wakipepea maji juu ya watoto, sauti ndogo, laini, na nilijua vizuri kitu gani kingenyamaza. Nilikuwa na hasira kwa sababu sikutaka kuchagua, na nilifurahi kwamba kiti cha kuchagua si changu.

Nahodha aliingia kwa abiria na akawaeleza yote, pamoja na ngoma, pamoja na yeye mwenyewe kucheza. Vitumbua vikabaki mikononi.

"Mimi samaki namla," alisema Shangazi Mwamvita. "Nampenda akiwa na ndimu. Bonyeza mwanangu, twende zetu."

Wengi waliitikia kwa vichwa. Zawena alisimama nyuma ya Nahodha mlangoni.

"Shangazi," alisema, "nikifika pale nitakaa na mtu ambaye amelinda vitanda hivi miaka minane. Sitaki siku ya kwanza kumkuta anaokota maiti, halafu anaitwa aje kunipokea."

"Na mimi sitaki kumwambia mama yako kwamba nimekuzamisha."

"Mama hayuko hapa, Shangazi. Wewe ndiye unayeamua."

Shangazi alikunja uso. Nadhani angekuwa peke yake angelia. Alimgeukia Nahodha na kumuuliza kama hakuna njia nyingine, njia yoyote, hata iwe ya kuchosha.

"Ipo moja," Nahodha alisema. "Mizani inaweza kutuambia tuko kwenye mstari gani wa ramani, lakini mpaka watu wote mtulie. Simaanishi mkae. Mtulie. Mstari mmoja hautoshi, tutahitaji wa pili unaoukata, na huo Yusta atautafuta kwa masikio, akisikia kitu chochote anachokijua kilipo. Pale mistari inapokatana ndipo tulipo." Akanyoosha kidole kuelekea chumba chetu. "Na tutakubaliana hivi. Kuna namba ya Mizani ambayo ikifika maana yake miamba iko karibu. Ikifika, nitabonyeza, sitamuuliza mtu, na lawama ni yangu. Kabla ya hapo tunasikiliza."

Hakuna aliyepinga. Shangazi alivuta pumzi ndefu, akaingiza ncha ya kanga mdomoni na kuiuma.

4

Kuwatuliza watu sitini wa harusi ni kazi ambayo hawakunifundisha chuoni. Vitumbua viliwekwa sakafuni. Sufuria zilifungwa. Mzee Kabwe, mpiga ngoma mkuu, vidole vyake havikutaka kuacha kugonga magoti, na mkewe alimwambia avikalie. Akavikalia.

Namba za Mizani zikaanza kupungua mruko. Zikawa zinayumba, kisha zikawa zinatetemeka tu, kisha zikasimama. Nilichora mstari wa kwanza kwenye ramani. Ulipita karibu na miamba kwa urefu wa kucha yangu, lakini ulikuwa mrefu, na sisi tungeweza kuwa popote juu yake. Sehemu nyingine za mstari ule zilikuwa salama kabisa. Sehemu nyingine zilikuwa ukutani.

Nikavaa vipokea sauti. Mtulivu ana masikio mawili, moja puani na jingine mkiani. Sauti ikifika kwenye sikio moja kabla ya lingine, tofauti hiyo ndogo inakuonyesha imetoka upande gani. Nilisikia minyororo ya vitanda ikilalamika. Nilisikia paa likitanuka kwa joto la jua. Nilisikia kuhe wakipepea, wengi, juu yetu moja kwa moja, na nikatamani nisingewasikia.

Namba ya Mizani ilipanda kidogo. Mkondo ulikuwa unafanya kazi yake.

Halafu, mbali sana, nikasikia kitu. Kilikuwa kizito, cha taratibu, kikarudi tena na tena. Mashine yangu ilikisikia pia, ikaandika: injini, aina haijulikani. Lakini injini haina mwendo ule. Kilikuwa kinagonga mara tatu, kila pigo na uzito wake, halafu kinaanza upya. Nikawasha spika ili Nahodha asikie, na sauti ikapita mlango wetu uliokuwa wazi hadi kwa abiria.

Shangazi Mwamvita alinyoosha mkono juu, akiwa bado anauma kanga, kama mwanafunzi darasani. Nahodha akamkubalia kwa kichwa.

"Hiyo ni michi," alinong'ona. "Michi mitatu, kinu kimoja. Tena huyo wa katikati ni mvivu. Msikilize, anadondosha tu mkono."

Sote tukasikiliza, na baada ya kuambiwa hatukuweza tena kusikia kitu kingine. Wa kwanza alikuwa na nguvu, wa tatu alikuwa na haraka, na wa katikati kwa kweli alikuwa anadondosha tu mkono.

"Watu wanatwanga kila mahali," nilisema. "Kwenye mashamba ya jua pia."

"Kwenye mashamba wanatwanga juu ya mbao za plastiki," Zawena alisema kwa sauti ya chini, macho yamemtoka. "Sikiliza mwisho wa pigo. Kuna mlio unabaki."

Ulikuwepo. Baada ya kila pigo kulikuwa na kitu kirefu, chembamba, kinachotetemeka. Kilikuwa chuma kikubwa kilichogusana na maji. Na katika ziwa zima, siku ile, nilijua mahali pamoja tu ambapo mama wa mtu alikuwa amepeleka vinu juu ya chuma.

Nikaanza kupima. Sikio la puani, sikio la mkiani. Nilihitaji mapigo mengi ili mstari usitetemeke. Nilikuwa na mapigo machache tu michi iliponyamaza.

Tulisubiri. Namba ya Mizani ikapanda tena. Nahodha alivunja lakiri, na ule mkatiko mdogo wa lakiri tulisikia sote. Akainua kifuniko. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe, hakikigusi, na jasho lilikuwa linamtiririka shavuni.

"Wamemaliza," nilisema.

Shangazi alinyoosha mkono tena, safari hii bila kusubiri ruhusa. "Sombe ya harusi haimalizwi kwa kinu kimoja. Wanatoa, wanajaza majani. Mpe muda ajaze."

"Shangazi, namba imebaki kidogo sana," Nahodha alisema.

"Anajaza, mwanangu. Sasa anafuta mchi. Sasa yule mvivu anakunywa maji."

Nilimtazama Nahodha, naye alitazama namba. Abiria sitini hawakukohoa. Nimekaa misikitini na makanisani kwa nyakati mbalimbali, lakini utulivu wa namna ile sijauona tena. Mzee Kabwe alikuwa ameinamisha kichwa juu ya magoti yake, vidole bado amevikalia.

Namba ilipanda mara moja zaidi. Ilibaki hatua moja ndogo.

Tu. Tu. Tu.

Nikapima, nikapima, mstari ukatetemeka, ukatulia. Nilichora kutoka Mlango wa Kalemie kuja kwetu, ukakata mstari wa Mizani, na pale ulipokata niliweka kidole. Miamba ilikuwa mbele yetu kidogo, upande wa kushoto. Nyuma yetu, na upande wote wa kulia, palikuwa wazi.

"Kulia kabisa," nilisema. "Rudi nyuma kwanza, halafu kulia kabisa."

Nahodha alishusha kifuniko chekundu kwa mkono mmoja na kuwasha injini kwa mwingine, taratibu, ile kasi ndogo inayoruhusiwa Mwezi wa Kimya. Mtulivu alirudi nyuma, akageuka. Namba ya Mizani ikaanza kushuka. Niligundua nalia tu, wala sikuona haya.

Njia yote iliyobaki tuliifuata kwa kinu. Michi ikinyamaza tunasimama, ikianza tunaendelea, na kila iliponyamaza Shangazi alitusimulia kwa mnong'ono wanachofanya huko.

5

Mlango wa Kalemie ni uwanja wa chuma unaoelea, mkubwa, na saa tisa alasiri tulipoibuka katikati yake ulikuwa umejaa watu, vinu na moshi wa kuni. Ramazani alikuwa mbele kabisa, mrefu, koti jeupe, uso wa mtu ambaye amechungulia maji kwa saa nyingi.

"Karibuni, karibuni sana," alisema. Kisha akawatazama abiria wakitoka mmoja mmoja, wametulia, hakuna ngoma hata moja inayolia. "Juu ya nini munakuja kimya hivi? Kuna mutu amekufa?" aliuliza kwa Kiswahili cha kwao Kalemie.

Nahodha alimwelezea palepale, mbele ya wote. Hakupunguza kitu. Alipofika kwenye lakiri, Ramazani aliinama akaichungulia kupitia mlango, akaona imevunjwa, na nikaona rangi ikimtoka.

"Mulibonyeza?"

"Hapana."

Hakusema kwamba hamwamini. Alitoa mfukoni waya wake wa kusikilizia, akautupa majini pembeni ya chuma, akaweka kipokea sauti sikioni. Zawena alisogea karibu naye bila kusubiri kuitwa. Alisikiliza. Mabega ya Ramazani yakashuka. Akamvalisha Zawena kipokea sauti kile, kwa uangalifu, juu ya mtandio, na hapo ndipo walipogusana kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Wako," Zawena alisema. "Wanapepea."

Nahodha alipiga simu ofisini kwao Kigoma, akawasimulia alivyocheza. Wakamwambia arudishe abiria kesho, kisha aende akaonane nao, na kwamba asitegemee chai. Alikata simu akiwa na uso wa mtu aliyetua mzigo.

Shangazi Mwamvita yeye alikuwa ana shughuli yake. Alipita kati ya vinu akimtafuta mtu, mpaka akasimama mbele ya mama mnene mwenye mchi mkononi na majani ya mihogo kwenye nywele.

"Nani alikuwa anatwanga katikati?"

"Ni mimi," alisema mama yule kwa aibu. "Mama yake Ramazani. Bega linaniuma, mukwe, nilikuwa ninadondosha tu."

Nilijiandaa kwa vita. Shangazi aliuchukua ule mkono wa bega bovu, akaubusu.

"Usilitibu kwanza," alisema. "Mkono wako umetuleta."

6

Kesho yake mchana Kalemie yote ilikuja kutuaga. Ngoma zao zilikuwa kubwa kuliko zetu, na walikuwa wamekula vizuri, na walikuwa wanapanda darajani kuelekea sitahani mistari kwa mistari, miguu imeshaanza. Nilikuwa kwenye kiti changu, kioo kimeanza kuhesabu, na Nahodha alikuwa anapanga sentensi ya adabu kichwani. Hakuhitaji.

Shangazi Mwamvita alikuwa amesimama kwenye daraja la abiria, mikono kiunoni, amelifunga lote kwa upana wake.

"Shukeni," aliwaambia. "Wote. Chombo kinatia nia."

"Mama, ni kidogo tu," alisema mpiga ngoma mmoja.

"Na mimi jana niliambiwa kidogo tu. Shukeni, mkae kitako, msimame mkinyamaza, mtakavyo. Ila mguu usitikisike."

Wakashuka. Mamia ya watu walisimama juu ya chuma kile bila kusogea, mama yake Ramazani na bega lake, Zawena na mume wake. Hata kuni zilipasuka kwa adabu. Ndani, namba za kioo changu zilitulia moja baada ya nyingine, na nilizitazama mpaka kijani ilipokuja, nikasubiri kidogo zaidi kwa sababu ya jana.

"Imeshika?" Shangazi aliniuliza kutoka nje, bila kugeuza kichwa.

"Imeshika, Shangazi."

Aliingia, akafunga mlango wa chuma kwa mikono yake mwenyewe, akauhakikisha, akaketi kiti cha mbele. Kisha akafungua kinywa na kupiga kigelegele alichokuwa amekibana tangu jana chini ya maji, kirefu, mpaka machozi yakamtoka, na upande wa pili wa chuma Kalemie nzima ikamwitikia.